Mashine Niliyoinyamazisha

Nyangeta, mama,

Salamu za mdomo utazipata kesho stendi ya Bunda, na machozi utayapata kwa mama yako, kwa hiyo humu sitaandika salamu wala machozi. Mambo ya kuchemsha maji na kutokula vya barabarani mama yako ameshakuandikia karatasi nzima, mbele na nyuma, na shangazi yako huko ulikolala ataongeza ya kwake. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka kumi na nne, na kesho unapanda basi kwenda kujifunza kutegua mabomu Angola huku umebeba uongo wangu ukidhani ni elimu. 

Ninaandikia kibandani hapa Iringo, juu ya meza ya kuchomelea. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara mbili. Jumamosi nikaishia kukuuliza kama umenunua chaja. Jumapili nikaishia kukohoa. Unanijua, mambo ya watu nayasemaga mpaka mama yako ananifinya, ila ya kwangu yananikwama kooni kama mwiba wa samaki ningu.

Hiyo Jumapili ndiyo iliyonimaliza. Jumuiya ya kanisani walipokuwa wanakuaga, ulisimama ukasimulia msiba wa Mzee Magoto kule Butiama. Ukasema baba yako aliitwa kupima mahali pa kaburi, mashine ikalia, akazuia watu wasichimbe, na bomu likakutwa palepale. Ukasema siku ile, ukiwa na miaka tisa, ndipo ulipoamua utafanya kazi hii. Kisha ukamalizia na maneno ninayoyasemaga mimi: mashine haidanganyi. Watu wakapiga makofi. Katekista akanishika bega. Mimi nikatabasamu, nikauchuna.

Mama, haikuwa hivyo. Mashine haikulia. Na mimi sikumzuia mtu yeyote kuchimba, mimi ndiye niliyewaambia wachimbe.

Ngoja nianzie mbali kidogo ili unielewe, maana sitaki unihukumu kwa haraka, unihukumu polepole. Mimi ni fundi wa redio. Ugonjwa wa kukusanya hizi mashine za jeshi za kupimia mabomu ulinipata kwa bahati mbaya, kwa mnunuzi wa chuma chakavu karibu na mwalo wa wavuvi. Nilikwenda kutafuta transfoma, nikakuta mpini mrefu una sahani ya duara mwishoni. Mwenyewe alidhani ni kifaa cha kuchomea nyama. Nilipofungua kile kiboksi chake nikaona waya na koili, roho ikanienda mbio. Nikakinunua, nikakaa nacho mwezi mzima, na siku kilipolia juu ya kijiko cha mama yako nilipiga kelele mpaka majirani wakaja.

Baada ya hapo nikawa kichaa. Unakumbuka ile ya kijijini Murangi? Mpini wake ulikuwa umesimamisha kamba ya kuanikia nguo, na sahani yake ilikuwa imefunika sufuria la dagaa kwenye nyumba ya tatu kutoka pale, maana ndugu wawili waligawana urithi. Ya kisiwani Rukuba nilifuata kwa mtumbwi, mvua inanyesha, nikakuta wavuvi wanawekea chumvi ndani ya boksi la betri. Niliwaachia redio nzuri kabisa, nikarudi na boksi linalonuka samaki, mama yako akalikataza kuingia ndani ya nyumba. Alisema amechoka kuishi kambini. Mimi nilikuwa nacheka tu, na kusema kweli nilikuwa nimevimba kichwa. Watu walianza kuniita Fundi Mabomu, na mtu ukishapewa jina kama hilo unaanza kulilinda.

Sasa Mzee Magoto. Yeye alikuwa askari kweli, alikwenda vita vya Uganda kwenye kikosi cha kutegua mabomu. Alikuwa na mashine nzima, kwenye boksi lake la mbao, na mkanda wake, na hedifoni zake, yote imefungwa kwa karatasi ya mafuta. Nilimfuata miaka sita kuiomba. Kila nikienda ananipa uji, ananipa hadithi, mashine hanipi. Lakini alinifundisha. Alikuwa ananitembeza uani na mpini mtupu wa jembe, ananiambia pita, rudi, pita tena, piga magoti, gusa kwa mkono, na bado usiamini.

Wakati huo wachimbaji wadogo wa dhahabu walikuwa wananijia. Walitaka mashine za kutafutia, na walilalamika kuwa zangu zinapiga kelele mno. Ni kweli, udongo wa kule juu Butiama ni mwekundu, umejaa chuma, mashine ikipita inalia mfululizo kama mbuzi mgonjwa. Mimi nikafanya nilichozoea maisha yangu yote. Kazi ya fundi wa redio ni nini? Mteja analeta redio inakoroma, wewe unaondoa mkoromo, anafurahi. Nikaongeza rezista moja kwenye mashine yangu bora, nikaigusagusa, ikatulia. Ilipita juu ya udongo wa Butiama kimya, na nikitupa sarafu chini inalia vizuri. Nilijiona bingwa. Wachimbaji wakanisifu mpaka Bunda.

Nikaipeleka kwa Mzee Magoto ili aione. Alivaa hedifoni, akapita uani hatua kumi hivi, akazivua. Aliomba chai, tukaongea habari za ng'ombe, nikawa nimeanza kununa. Nilipokuwa naaga ndipo alipoitazama ile mashine na kusema, "Hiyo uliyotengeneza ni redio." Nilikasirika, mama. Njia nzima nilikuwa namsema moyoni kwamba ana wivu. Sikurudi kwake tena mpaka alipofariki.

Kabla hajafa alimwambia mkewe, Bibi Wakuru, kuwa kuna kitu cha vita alikifukia pale nyumbani zamani. Alikuwa anaongea kwa shida, mahali hakupataja. Watoto wake walitaka azikwe kando ya zizi la zamani, karibu na kaburi la baba yake, kama ilivyo desturi ya ukoo kwa mwenye mji, mkuu wa boma. Kwa kuwa Bibi Wakuru aliwaambia habari ya kitu kilichofukiwa, wakaona wasichimbe hivihivi. Wakaniita mimi. Na mtoto wake mkubwa akanivuta pembeni, akaniambia nikiwapimia haraka kabla padri hajafika, ile mashine ya mzee ni yangu.

Tulikwenda wote watatu. Wewe na mama yako mkaenda jikoni kwa akina mama, ndiyo maana hukuona. Mimi nilikuwa nimebeba mashine mbili. Moja ilikuwa ile ya Murangi, ya kelele. Nyingine ni ile niliyoinyamazisha. Uwanja ulikuwa umejaa waombolezaji, wazee wamekaa kwenye viti, vijana wameshika majembe na sururu, wote wananitazama. Niliwaza, nikianza kupita na ile ya kelele, italia kila mahali, watasema huyu Fundi Mabomu hajui kazi. Nikachukua iliyotulia. Hilo ndilo kosa lenyewe, mama. Nilichagua mashine ya kunipendezesha mbele ya watu.

Nilipita mara moja kwenda, mara moja kurudi. Kimya. Sikupiga magoti. Sikugusa kwa mkono. Nikavua hedifoni na kuwaambia vijana wachimbe.

Kijana wa kwanza alishanyanyua sururu ndipo Bibi Wakuru alipotoka nyumbani. Unajua mjane kwa mila za ukoo ule anakaa chini kwenye mkeka, hatoki mpaka mumewe azikwe. Alitoka pekupeku, kanga kichwani, akaja moja kwa moja pale tulipo. Wazee wakaguna. Mtoto wake akamwambia arudi, watu wanaona aibu. Yeye akasema mzee alikuwa anapita njia ile kila asubuhi kwenda kwa ng'ombe, miaka yote waliyokaa, na kila akifika pale alikuwa anazunguka. Hata zizi lilipohamishwa aliendelea kuzunguka. Hata akiwa amelewa. Akauliza watamzikaje mtu mahali ambapo hakuwahi kukanyaga.

Na mimi, baba yako, nilimjibu hivi: "Mama, mashine haidanganyi. Rudi ndani."

Hapo ndipo maneno hayo yalipozaliwa. Uliyakuta nyumbani ukadhani ni hekima. Niliyasema kumfukuza mjane aliyekuwa anatuokoa.

Alinitazama. Akamnyang'anya yule kijana sururu, akaniletea mimi. Akasema, "Basi chimba wewe."

Nikaipokea. Ningefanya nini, watu wote wale. Nikasimama juu ya ule mstari wa kaburi waliouchora, nikainyanyua mpaka begani, na mikono ikagoma. Siwezi kukueleza vizuri zaidi ya hivyo. Kichwa kilikuwa kinasema piga, mashine imesema hakuna kitu, na mikono ikagoma kushuka. Nikamkumbuka mzee na ule mpini wa jembe, akiniambia bado usiamini. Nilirudi nyuma hatua moja, hatua ya pili, nikaiweka sururu chini polepole kama naweka yai. Nikasema kwa sauti ndogo ngoja nipime tena.

Nikachukua ile ya Murangi. Ikalia kila mahali, kama nilivyojua. Lakini ukiisikiliza kwa makini, mama, kelele ile ina sura. Udongo unalia sauti moja, ya chini, inayoyumba. Katikati ya ule mstari, mahali sururu ilipokuwa inakwenda kushuka, sauti ilipanda. Nikapita mara ya pili ikapanda palepale. Mara ya tatu palepale. Ndipo nikapiga ukelele watu waondoke. Ninyi jikoni mlichosikia ni hicho, ukelele wangu na mashine inalia, na mkaona watu wanakimbia na mimi niko katikati na hedifoni kichwani. Kwa hiyo sikulaumu kwa ulivyosimulia. Ulisimulia ulichokiona.

Wanajeshi walikuja kesho yake wakalitoa. Lilikuwa bomu la kutegwa ardhini, bapa, ndani ya debe la mafuta, chini kiasi cha mkono wangu mpaka kiwiko. Alilileta mwenyewe kutoka vitani, wanadhani aliamini limekufa, kisha akaanza kulitilia shaka akalifukia na kuona aibu kusema. Halikuwa limekufa. Walikwenda kulilipua mbali porini, na watu wa Makutano mpaka leo wanadai walisikia mlio, ni waongo, lakini mabati ya shule yalitikisika kweli. Mzee akazikwa upande wa pili wa nyumba.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hicho ndicho kinachonila. Sifa zote zilikuja kwangu. Mtoto mkubwa hakutaka ijulikane kuwa alinisukuma niharakishe, akajikausha. Mimi nikajikausha. Wazee waliona mjane aliyevunja mila na fundi aliyepata bomu; vijana wale wenye sururu waliona yote, lakini nani atawauliza vijana. Nilipewa paja la ng'ombe na ile mashine ya marehemu kwenye boksi lake. Na Bibi Wakuru, kwa kosa la kutoka kwenye mkeka kabla ya mazishi, wazee wa ukoo walimtoza mbuzi wa kusafisha mji, na akakaa ndani mwezi wa ziada bila kusalimiana na watu. Mimi nilijua. Nilikuwa napita barabarani na mashine ya mumewe juu ya baiskeli na nilijua.

Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi nilizaa, lakini niliupitisha uchi wangu kwako. Ulipofika miaka kumi na nne ukaanza kukaa hapa kibandani na mimi, nikakufundisha. Nilikufundisha kuchomelea, kupima koili, kutambua betri iliyokufa. Na nilikufundisha kwamba ukiwasha mashine, jambo la kwanza zungusha kile kiswichi cha kupunguza usikivu mpaka kelele iishe, ndipo uanze kupita. Nilishaona kwa macho yangu kaburi linataka kutuua kwa sababu hiyo, na bado nikakufundisha hivyo, kwa kuwa kukufundisha tofauti kungenilazimu kukueleza kwa nini. Hilo sijisamehe. Ya Butiama ilikuwa dakika chache za majivuno. Hii ni miaka.

Nilidhani huko mafunzoni Angola watakurekebisha. Jumamosi ulikuja kuziaga mashine, nadhani hukuniona nimekaa pale nyuma ya pazia. Uliwasha ile ya Murangi ujifurahishe. Ikalia. Na kabla sikio lako halijasikia kitu, mkono wako wa kushoto ulishafika kwenye kiswichi, ukaizima kelele. Hukufikiri. Ulikuwa unaimba. Mwalimu anaweza kukuambia kitu na ukakiandika kwenye daftari, lakini ule mkono sijui nani ataufundisha. Huko mashine zenu ni mpya na za kisasa, najua, mtaniambia baba hizi zinajirekebisha zenyewe. Sawa. Lakini siku umechoka, jua kali, udongo mwekundu, mashine inakusumbua tangu asubuhi, mkono utatafuta mahali pa kuinyamazisha. Mkono una akili zake na zile akili nilizitia mimi.

Jumatatu ulipoondoka kwenda Bunda, mimi sikwenda sokoni kama nilivyomwambia mama yako. Nilifunga ile mashine ya Mzee Magoto kwenye pikipiki ya kukodi nikaenda Butiama. Bibi Wakuru macho hayaoni vizuri siku hizi. Alinitambua kwa sauti. Nilimweleza yote, ingawa yeye ndiye aliyekuwa anayajua kuliko mimi, na nikamrudishia mashine ya mumewe. Alilipapasa boksi, akasema iwekwe chini ya kitanda. Nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Aliniuliza wewe ni mkubwa kiasi gani sasa, nikamwambia, na kazi unayokwenda kuifanya. Kisha akauliza kama unajua. Nikasema hujui.

Akasema, "Sasa umenifuata mimi wa nini? Mimi sikanyagi tena popote. Kamwambie anayekwenda kukanyaga."

Nimelia kwenye pikipiki, nakuambia hilo ingawa nilisema sitaandika machozi. Nililia mpaka kijana wa pikipiki akaniuliza kama nimetoka msibani.

Sikukatazi kwenda. Mama yako angefurahi kama ningekukataza, na mimi usiku huu sehemu ya moyo wangu inataka nifike pale stendi nikushushe kwenye basi kwa nguvu. Lakini kazi ni nzuri na wewe una sikio zuri kuliko langu, hilo si uongo, nimelipima mara nyingi bila wewe kujua. Una sikio la kwako na mkono wa kwangu. Ninachoogopa ni mkono.

Kwa hiyo barua hii nitakupa mkononi, siiweki kwenye begi, na uisome basi likishaondoka Bunda. Ukichukia, chukia ukiwa njiani, una siku nzima mpaka Dar es Salaam. Ukitaka usinipigie simu wiki, au mwezi, nitavumilia, nitauliza habari zako kwa mama yako. Ila nina ombi, na hili usinikatalie hata kama umenikasirikia.

Siku ya kwanza ya mafunzo, kabla hawajakupa mashine, mtafute mwalimu wako. Usingoje akugundue. Mwambie umefundishwa nyumbani na umefundishwa vibaya, mkono wako una tabia ya kuondoa kelele kabla hujaisikiliza, na akutazame huo mkono kila siku mpaka aridhike. Atakuuliza ni nani aliyekufundisha. Najua malezi yako, utataka kunisitiri, utasema ni fundi mmoja wa huko kwetu. Usinisitiri. Sema ni baba yangu. Msimulie habari ya kaburi lile, mwambie alikuwa na mashine nzuri na akachagua mbovu kwa sababu watu walikuwa wanamtazama. Msimulie na habari ya mama aliyetoka kwenye mkeka, umtaje jina. Wenzako wakicheka, waache wacheke. Mimi nichekwe Angola nzima, wewe urudi na miguu yako miwili.

Na jina langu ulitaje lote, wasije wakadhani ni mwingine. Mafuru Masatu Bwire, fundi wa redio, Musoma.